Baiskeli Zinazolala Sebuleni

Tik-tik-tik-tik, kimya kidogo, tik.

Sauti ilipita sebuleni, ikavuka kizingiti cha mlango wa nyuma, ikashuka ngazi moja na kuingia uani. Jogoo wa kwanza alikuwa bado hajawika. Mama Dina alikuwa kitandani, khanga imemfunika mpaka masikioni. Akaisikia kama mtu anavyosikia mvua ya mbali, akasema bila kufumbua macho, "Safari njema, Katekista."

Huko uani mtu alicheka kicheko kizito. "Haya, mayo. Lala."

Mlango ukarudishwa taratibu, kwa ustaarabu, usije ukalia. Mama Dina alimshukuru moyoni huyo aliyeurudisha hivyo, akageukia ukutani, akalala tena.

Jina lake la ubatizo ni Theopista, lakini pale mtaani Majengo wote walimwita Mama Dina, kwa bintiye aliyeolewa Sumbawanga. Alikuwa amepanga chumba na sebule katika nyumba ya Mzee Evarist. Chumba kilikuwa cha kulala yeye. Sebule ilikuwa ya kulala baiskeli.

Mwaka huo wa tisini na sita, baiskeli pale Mpanda haikuwa kitu cha kuachwa nje. Mtu akitoka Kasokola au mbele zaidi ya huko, akaja mjini kupanda treni, alikuwa na jambo moja la kumkosesha raha: chombo chake atakiacha wapi mpaka arudi? Wa kwanza kubisha hodi alikuwa Cletus, katekista wa Kasokola, siku aliyonyeshewa na mvua njiani. "Mama, naomba ilale kwako siku mbili tu," alisema. Siku mbili zikawa tisa. Aliporudi kutoka Tabora alikuta baiskeli imefutwa matope, cheni imepakwa mafuta ya kula kwa sababu mengine hayakuwapo, naye akakalishwa, akapewa uji. Wiki iliyofuata alileta kikapu cha karanga. Halafu akamweleza mwenzake, na mwenzake akamweleza mwenzake.

Tangu hapo Mama Dina alijifunza kutembea kiubavuubavu ndani ya nyumba yake mwenyewe. Khanga zake zilikauka juu ya usukani. Sahani alizianika kwenye keria. Viti vyake viwili vilihamia chumbani, kimoja juu ya kingine, na mgeni akija alikaribishwa kukaa kwenye keria ya baiskeli ya mtu mwingine, akaambiwa, "Kaa katikati, mwanangu, isije ikakuinamia." Usiku akisali rozari alipiga magoti kati ya magurudumu mawili, na zamu ya kusimama ilipofika alijikokota kwa kushika tairi.

Hakuona taabu. Mumewe alipofariki na Dina alipoolewa, nyumba ilinyamaza mno, ikafika mahali akawa anaamka na kuliuliza sufuria limelalaje. Lakini mtu aliyekuja kuchukua baiskeli yake hakuweza kuinyakua na kwenda. Alikaa. Alikunywa uji. Alisema nani kajifungua na mahindi ya nani yameliwa na tembo, na kama yule jamaa wa ng'ombe wanne hatimaye amekubaliwa ukweni. Mama Dina alikuwa anaijua Kasokola nyumba kwa nyumba, naye hajawahi kufika.

Aliyeona taabu ni mwenye nyumba.

Mzee Evarist alikaa peke yake chumba cha mbele, ng'ambo ya korido. Alikuwa mtu mfupi, nadhifu, mstaafu wa reli. Alitunza stoo ya mizigo miaka ishirini na saba, na mtu akizungumza naye kwa dakika tano tu alikuwa ameshalisikia lile neno lake: "Miaka ishirini na saba, na sijawahi kumpa mtu mzigo wa mwenzake. Hata gunia moja."

Kwanza alilalamika juu ya mafuta kwenye korido. Mama Dina akapiga deki. Kisha akalalamika kwamba baiskeli zimefika nne na hewa haipiti. Mama Dina na jirani yake Romana, yule mkaanga maandazi wa chumba cha pili, wakachukua kamba ya kisimani, wakaivuta moja juu mpaka ikaning'inia kwenye kenchi za paa. Nafasi ikapatikana. Mzee Evarist alipopita mlangoni aliinua macho, akaona magurudumu mawili yakizunguka polepole juu ya kichwa chake.

"Mama Dina," alisema, "hii ni nyumba au bucha?"

"Nikukatie kilo ngapi, mzee?" akadakia Romana kutoka nyuma.

Mzee hakucheka. Siku ile ile alitoa amri akiwa amesimama katikati ya korido, kama mtu anayesomea abiria tangazo. Baiskeli ni mbili tu, si zaidi, na ziwe zimekanyaga sakafu. "Na siku nitakaposikia ugomvi wa baiskeli katika nyumba hii, hata mmoja, hata mdogo, zote zinatoka. Na hazirudi."

Jioni hiyo Mama Dina alipika ugali, akautazama, akaufunika. Romana alimuuliza kulikoni.

"Baiskeli zikitoka," Mama Dina alisema, "watu nao watapita njia nyingine."

Basi akawa mwangalifu kama mwenye mtoto mchanga. Zile mbili zilizobaki zilikuwa ya Katekista Cletus na ya Ndaki, kijana wa Kisukuma aliyemwita mayo, yaani mama kwa lugha yake, na ambaye kwao wamehamia na ng'ombe zao nyuma ya Kasokola. Zote mbili zilikuwa Phoenix nyeusi za umri mmoja, zimefanana kama mapacha. Watu walizijua kwa makava ya siti. La Katekista lilikuwa la buluu na msalaba mweupe, kazi ya mikono ya mkewe Esteria. La Ndaki lilikuwa jekundu, na nyuzi za njano na kijani zikining'inia pande zote. Upepo ukiingia zilichezacheza utadhani siti inataka kuinuka iende ngomani. Mama Dina yeye hakuhitaji makava. Ya Ndaki ilisimama upande wa ukutani, ya Katekista upande wa dirishani, na hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Katekista alikuwa amekwenda Tabora kwa mkutano wa kanisa, arudi Jumamosi kwa treni. Ndaki alikuwa amepanda lori kwenda Inyonga kutazama ng'ombe. Ijumaa kulikuwa na jua zuri, na Mama Dina akafikiri, hawa watoto wanakaa juu ya haya makava mwaka mzima na hakuna anayeyafua. Akayavua, akayafua kwa sabuni ya mche, akayaanika uani. Magharibi ilipoingia akayarudisha, jekundu kwenye ya ukutani, la buluu kwenye ya dirishani, akafunga kamba zake kwa kupapasa.

Usiku ule ule Ndaki akafika, miguu imejaa vumbi, akala, akatandika mkeka kati ya baiskeli mbili akalala. Alisema ataondoka alfajiri, Mama Dina asijisumbue kuamka.

Naye hakuamka. Mpaka alipokuwa anakoroga uji, jua limeshatoka, ndipo mwiko uliposimama wenyewe.

"Nimemwambia Katekista safari njema," alijisemea. "Katekista yuko Tabora."

Baiskeli zote zilizowahi kulala kwake alizijua kwa masikio. Ya Ndaki gurudumu lake la nyuma huimba moja kwa moja, tik-tik-tik, bila kumeza mate. Ya Katekista hukohoa. Tik-tik-tik-tik, kimya kidogo, tik.

Aliacha uji, akaenda sebuleni kiubavuubavu ingawa nafasi sasa ilikuwapo ya kutosha. Baiskeli iliyobaki ilikuwa imevaa kava la buluu na msalaba mweupe. Lakini siti yake ilikuwa juu, ikimfika kifuani. Katekista Cletus ni mtu wa kimo cha kawaida. Mwenye miguu mirefu hivyo alikuwa mmoja tu. Akabonyeza kengele. Ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Kengele ya Ndaki.

"Yesu na Maria," akasema Mama Dina, akakaa kwenye keria.

Romana alikuja na unga mikononi, akasikiliza, akapiga mahesabu yake upesi. "Shida iko wapi? Katekista akifika mpe hii. Baiskeli ni baiskeli. Zina magurudumu mawili mawili."

"Hatafikisha miguu."

"Atasali."

"Romana!"

"Haya, basi nyamaza. Mwambie Ndaki ameikopa. Mzee asijue tu. Maana akijua, mama yangu, unajua mwenyewe."

Mama Dina alijua. Aliitazama ile sebule. Ukutani, chokaa ilikuwa na mchirizi mrefu wa pedeli. Hilo ndilo lililomleta Mzee Evarist siku ya Alhamisi na futi mkononi. Alizitoa baiskeli zote mbili mpaka uani ili apime mchirizi vizuri, akaandika urefu wake kwenye karatasi, kisha akazirudisha mwenyewe. Mama Dina wakati huo alikuwa jikoni anapepeta mchele.

Akazirudisha mwenyewe.

Mama Dina alinyanyuka, akafunga khanga yake vizuri. "Nakwenda kumwambia."

"Umechanganyikiwa?"

"Akilisikia kutoka kwangu ni kosa. Akilisikia kutoka kwa mtu mwingine ni ugomvi."

Miaka mitano alikuwa amekaa nyumba moja na Mzee Evarist, na hakuwahi kuingia chumbani kwake. Alipobisha, mzee mwenyewe alishtuka, kama mtu asiyekumbuka hodi hujibiwaje. Ndani kulikuwa safi mno. Taa ya reli ilikuwa juu ya kabati. Viti vinne vilizunguka meza, kila kimoja na kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, na hakuna hata kimoja kilichoonyesha kwamba mtu amewahi kukikalia. Mzee hakusema karibu kiti. Hakukuwa na ubaya; lilimtoka tu akilini. Mama Dina akaeleza akiwa amesimama.

"Nilisema!" Mzee Evarist alipiga meza kwa kidole. "Nilisema, sikusema? Sasa mtu wa kanisa anashuka treni leo hana baiskeli! Huo si ugomvi?"

"Bado," Mama Dina akajibu kwa upole. "Lakini mzee wangu, nikuulize. Alhamisi ulipozirudisha, ile yenye kava jekundu uliiweka wapi?"

"Niliiweka..." Mkono wake ukapaa, ukaonyesha ukuta wa hewani, kisha dirisha la hewani. Ukabaki hapo. "Niliingiza kwanza ya buluu. Nikaisukuma ndani kabisa. Ukutani. Halafu..."

"Mimi nikafua makava bila kutazama lipi limetoka wapi, nikayarudisha gizani kwa kufuata mahali pa siku zote. Kosa ni langu. Ningewasha kibatari."

Mzee Evarist alikaa. Alitazama ile taa yake ya reli. Miaka ishirini na saba ilimpita usoni, gunia kwa gunia.

"Nimempa mtu mzigo wa mwenzake," alisema polepole.

"Tumempa wote wawili."

"Treni inafika saa ngapi?"

"Ikiwahi, saa sita. Ikichelewa, anajua Mungu."

Mzee aliinuka, akavaa kofia. "Vaa viatu, Mama Dina. Tunakwenda Kasokola."

Ilibidi waende na ile ile ya Ndaki, kwa sababu nyingine haikuwapo. Siti haikuteremka, nati yake ilikuwa imeshika kutu, na spana Romana hakuwa nayo ila ndoo ya maandazi, ambayo aliwafungia sita kwenye gazeti, bila kuombwa. Mzee Evarist alipanda kwa kutumia ngazi ya uani. Miguu yake haikuifikia pedeli ikiwa chini. Akikanyaga ya kulia, mwili wote ulihamia kulia. Akikanyaga ya kushoto, ulirudi. Mama Dina alikuwa nyuma kwenye keria, miguu upande mmoja, maandazi mapajani, naye akahama pamoja naye kulia na kushoto kama watu wawili wanaopita kwenye kichaka.

"Umeendesha lini mara ya mwisho, mzee?"

"Usinisemeshe."

"Sawa."

"Tisini na moja."

Nje ya mji njia ilikuwa ya mchanga. Walianguka mara mbili. Mara ya kwanza walianguka polepole, kwa heshima, kila mmoja akiwa na nafasi ya kumpa mwenzake pole kabla ya kufika chini. Mara ya pili walikutana na wanawake watatu wenye mizigo ya kuni vichwani, na mzee alipoinua mkono kusalimia, usukani nao ukaenda kusalimia.

"Poleni, jamani!" Wanawake wakawasaidia kuinuka, mmoja akamkung'uta mzee vumbi mgongoni. "Babu, unampeleka wapi bibi?"

"Si bibi yangu! Ni mpangaji!"

"Mmh. Mpangaji hubebwa na baiskeli siku hizi?"

"Nyie mna mwenye nyumba mbaya," Mama Dina akawaambia. Wakacheka mpaka kuni zikatikisika. Mzee Evarist akaanza kupanda tena, na Mama Dina akaona shingo yake imekakamaa, lakini mabega yalikuwa yanatetemeka kidogo. Hakumuuliza kama anacheka. Aliona vema amwachie.

Kufika Kasokola hawakuhitaji kuuliza sana. Mama Dina aliongoza kutoka nyuma. "Pale kwenye duka la bati ni kwa yule aliyezaa mapacha. Pita kushoto. Huyo mwenye paa jipya ndiye aliyegombana na shemeji yake. Sasa moja kwa moja mpaka zizi."

"Umesema hujawahi kufika."

"Sijawahi."

Ndaki walimkuta uani kwao. Baiskeli ameigeuza miguu juu, amevua shati, na jiwe mkononi. Alikuwa anagonga bomba la siti kutoka chini ili ipande. Lile kava jekundu lilikuwa limewekwa pembeni juu ya kigoda, kwa heshima zote.

"Mayo!" alipaza sauti. Hakushangaa kumwona, alikuwa na malalamiko yanayohitaji mtu. "Mayo, baiskeli yangu imepungua! Nimeendesha magoti yanapiga masikio njia nzima. Nikasema wageni wa mayo wameikalia mpaka siti imezama. Tangu asubuhi naivuta na haitaki!"

"Na gurudumu?" akauliza Mama Dina. "Hukusikia linakohoa?"

"Nililisikia. Nikasema ni baridi ya alfajiri."

Mzee Evarist aliiegemeza kwenye mti ile waliyokuja nayo, akapangusa jasho. "Kijana. Hiyo unayoipiga mawe ni ya Katekista."

Jiwe likaanguka. Ndaki alitazama baiskeli moja, akatazama nyingine, akainua mguu akaupima kwenye siti ndefu, na uso wake ukafunguka. "Aaa! Iko hapa! Haikupungua!" Ndipo alipokumbuka kuogopa. "Katekista nitamwambia nini? Kesho nakwenda ukweni kujitambulisha, na baba mkwe ndiye mwenyekiti wa kigango chake!"

Mama yake Ndaki, Kashinje, alitokea nyumba ya kupikia akifuta mikono. Alikuwa mwanamke mrefu kama mwanawe. Alimtazama Mama Dina kuanzia kichwani mpaka viatuni.

"Wewe ndiye wa baiskeli?"

"Ndiye mimi."

"Nimeliona kava leo. Limefuliwa. Nikamwambia huyu, umefua mwenyewe? Akaniambia ndiyo."

"Mayo!" Ndaki akalia.

"Amesema ndiyo, huku ananitazama machoni." Kashinje alimshika Mama Dina mkono kwa mikono yake miwili. "Mwanangu analala kwako, anakula kwako, na uongo anakuja kuniambia mimi. Wabeja, asante sana, mwenzangu. Kaa."

Wakakaa, ingawa muda haukuwapo. Maziwa ya mgando yaliletwa, na maandazi ya Romana yakatoka kwenye gazeti yamebondeka vizuri. Mzee Evarist alikunywa kibuyu kizima. Kisha akaagiza spana kwa jirani, akaikaza siti ya Katekista pale pale ilipokuwa, akaipangusa baiskeli yote kwa leso yake ya mfukoni, mpaka spoki. Mama Dina aliona kwamba hakuna aliyemwomba afanye hivyo.

Kurudi, Ndaki hakukubali mayo abebwe tena na mtu mwenye miguu mifupi; alisema hivyo hivyo, mbele ya mwenye miguu. Alimpakia Mama Dina kwenye baiskeli yake mwenyewe, akaruka mchanga kama hakuna mchanga, akiimba wimbo mrefu wa ng'ombe wenye majina yao yote. Nyuma yao Mzee Evarist alikuja na ile ya Katekista, tik-tik-tik-tik, kimya kidogo, tik, na siti hii ilimfaa vizuri, ikaonekana kabisa kwamba zamani alikuwa mwendeshaji.

"Ndaki!" alipiga kelele. "Punguza! Umebeba mtu, si gunia!"

"Mzee, kanyaga!"

Walikuwa wanaingia Majengo honi ya treni iliposikika, ndefu, kutoka upande wa stesheni.

Katekista Cletus alibisha hodi baada ya nusu saa, begi begani, amechoka safari. Baiskeli yake ilikuwa upande wa dirishani, na kava la buluu. Ya Ndaki ilikuwa ukutani, na Ndaki kando yake, wima kama mlinzi. Mzee Evarist alikuwa amekaa kwenye keria. Hajawahi kukaa sebuleni humo hata siku moja. Romana alikuwa mlangoni, maana hakutaka kukosa neno.

"Karibu, Katekista, pole na safari," Mama Dina alimpa bakuli la uji. Alikuwa amepanga maneno tangu Kasokola.

Cletus alikunywa, akainama, akapitisha kidole kwenye tairi. Kidole kikatoka na vumbi jekundu. "Mama, hili ni vumbi la kwetu. Baiskeli imetoka?"

Mama Dina akafungua mdomo, lakini Mzee Evarist alikuwa ameshasimama, kofia mkononi.

"Ni kosa la stoo," alisema. "Mimi nilizihamisha. Kijana kaichukua yako bila kujua, na imefika Kasokola. Tumeifuata. Siti ilipigwa mawe matatu au manne kwa chini, lakini nimekagua, ni salama. Kama una lalamiko, nieleze mimi. Si Mama Dina."

Cletus alimtazama mzee, akamtazama Ndaki aliyekuwa anahesabu vidole vya miguu yake, akaweka bakuli chini.

"Imefika Kasokola leo asubuhi?"

"Imefika."

"Basi imetangulia nyumbani kabla yangu!" Akaanza kucheka, cheko la mtu aliyekaa siku sita mkutanoni. "Ndaki, ulipita mbele ya nyumba yangu?"

"Nilipita, Katekista."

"Esteria alikuwa nje?"

"Alikuwa anafagia. Alisikia gurudumu linakohoa, akapiga kelele, Baba nani, mbona hushuki? Nikasema huyu mama anamwita nani."

Hapo hata mlango ulicheka, maana Romana alikuwa ameuegemea. Cletus alijifuta machozi. Akasema sasa ndiyo inabidi afike mapema, kabla mkewe hajaitisha kikao cha ukoo juu ya mume aliyepita nyumbani kwake na magoti masikioni. Na kesho, akamwambia Ndaki, watakwenda wote ukweni. Yeye atamsemea kwa mwenyekiti. Ndaki alishika mkono wake kwa mikono miwili, akashindwa kuuachia.

Walipoondoka, mmoja baada ya mwingine, sebule ikabaki na alama nne za matairi kwenye sakafu. Mama Dina alichukua ufagio. Kisha akaurudisha, akangoja. Mzee Evarist alikuwa bado amesimama anautazama ule mchirizi wa ukutani.

"Zote zimetoka," Mama Dina alisema, "bila ugomvi. Zirudi au zisirudi?"

Mzee alikwenda kwake, akarudi na kipande cha chaki na vipande vya kadi vyenye tundu na uzi, kama vile vya mizigo. Akainama kwa taabu, akachora mstari sakafuni chini ya dirisha, akaandika MOJA. Chini ya ukuta akaandika MBILI. Akafikiri. Akasogea karibu na mlango wa chumbani, akapima kwa hatua zake fupi, akaandika TATU.

"Tatu?" Mama Dina akauliza.

"Ukiigeuza usukani, inaingia. Kila moja kadi yake, na jina. Kava si kitambulisho." Alijinyoosha, mkono kiunoni. "Na isiyo na kadi haiingii. Na kenchi hapana."

"Kenchi hapana," Mama Dina akakubali. Akamjazia bakuli la uji uliobaki, na mzee akanywa akiwa amesimama, kwa sababu sasa hapakuwa na baiskeli ya kukalia. Mama Dina akaingia chumbani kuvitoa vile viti viwili, lakini aliporudi mzee alikuwa ameshafika mlangoni. Alisimama hapo akizungusha kofia mikononi.

"Mama Dina. Asubuhi ulipokuja kwangu sikukukaribisha kiti."

"Ulikuwa na mambo mengi, mzee wangu."

"Viti viko vinne. Nilivinunua nikistaafu, nikasema watu watakuja." Akavaa kofia, akaivua tena. "Leo ulikuja na shida. Kesho ukitoka kanisani, pita tena. Njoo hivi hivi tu, bila shida yoyote."